Mgeni wa Darasa la Tatu

Alikuja kama wanavyokuja wageni wote, kwa miguu, vumbi limempanda hadi magotini, akaomba maji. Hakuna aliyemuuliza jina, kwa sababu katika nchi ile kumuuliza mtu jina kabla hajanywa maji ni kumtukana. Alikunywa kata ya kwanza, akanywa ya pili, na alipomaliza ya tatu kila aliyekuwa pale alikuwa amesahau kwamba kulikuwa na swali la kuuliza. Ndivyo Vita alivyoingia. Wanaosimulia kwamba aliingia kwa kishindo wanajipendelea. Kishindo kilikuja baadaye, alipokwisha kushiba.

Hakuwa na ndugu pale, basi wakampeleka shuleni. Hiyo ndiyo desturi yao: mgeni asiye na ukoo hulala shuleni, kwa kuwa shule ndiyo nyumba pekee isiyo ya mtu, ina bati, ina mlango, na siku hizo watoto walikuwa likizo. Walimtandikia mkeka katika darasa la tatu kwa sababu halikuwa linavuja. Siku ya kwanza walimpelekea ugali kwa kuku, siku ya pili ugali kwa dagaa, na siku ya tatu ilikuwa ya jembe, kama kila mtu ajuavyo. Ila pale jembe halikupelekwa na mtu mzima. Mgeni aliyelala shuleni ni mgeni wa shule, na mwenyeji wake ni mwanafunzi. Mwanafunzi mmoja husimama mlangoni na kusema, "Mgeni, jembe lako hili." Akilipokea, analima na wenzake. Akilikataa, anafunga mzigo wake na hakuna ugomvi.

Watu wa mtaa wa juu walidhani watu wa bondeni wamekwisha kupeleka. Watu wa bondeni walidhani wa mtaa wa juu wamepeleka. Majembe ya shule yenyewe yalikuwa stoo, na mlango wa stoo ulikuwa ndani ya darasa la tatu, nyuma ya kichwa cha mgeni. Hakuna aliyetaka kumruka mtu aliyelala. Siku ya tatu ikapita hivyohivyo, kwa adabu.

Bi Siwema alikuwa mtaa wa juu. Yeye naye alidhani. Hilo alilikumbuka kila alipokoleza moto, na alilikumbuka bila kulia, kwa sababu hakuwa mtu wa kulia kwa kitu ambacho bado kinaweza kurekebishwa. Binti yake, Faida, alikuwa amemaliza darasa la pili wiki ileile mgeni alipofika, na alikuwa anangoja likizo iishe aingie la tatu. Likizo haikuisha.

*

Inafaa tuseme ukweli kuhusu mwaka ule. Mwaka ule ulipita, tena kila mahali. Mahindi yalikomaa, wanawake walijifungua, wazee walizikwa, mvua ilikuja ikaondoka ikaja tena. Ila ulipofika kwenye uwanja wa shule ulimkuta mtu amelala mlangoni, ukageuka. Ukawa kila mara unafika hapo na kugeuka. Nje ya uwanja watu walizeeka. Ndani ya uwanja ilikuwa bado siku ile ya tatu, mchana, jua limesimama juu ya mlingoti usio na bendera. Ndiyo maana mwanaume mmoja aitwaye Ngoi, mwenye ndevu za kufika kifuani na watoto wawili, ukimuuliza alikuwa anakujibu bila aibu, "Niko darasa la tano." Alikuwa anasema kweli. Hakuna aliyewahi kumwambia ametoka. Na Faida, aliyeingia likizo akiwa amevaa gauni lenye mifuko ya mbele, sasa alikuwa amempita mama yake kwa urefu, kifua kimejaa, sauti imekuwa nzito, na bado alikuwa mtoto wa darasa la pili. Siwema alimtazama akitwanga na kujiuliza ni kipi hasa kinachomfanya mtu awe na umri. Ni miaka aliyoila, au ni milango aliyofunguliwa? Maana ng'ombe naye anakula miaka.

Na Vita alikuwa anakula. Chakula alichopelekewa kwanza kilipokwisha alikula madawati. Aliyakokea moto akaota, ubao baada ya ubao, akaanza na ya darasa la kwanza akaja ya la pili, na majivu yakajaa sakafuni hadi kufika kwenye vifundo vya miguu. Halafu akala chaki. Halafu akaanza kula sauti: mtu akipita karibu na uwanja akihesabu kuku wake, hesabu ilimkatikia mdomoni, akafika nyumbani na kuku ambao hajui ni wangapi. Siku moja watoto wawili waliingia uwanjani kufuata mpira wao. Walitoka jioni ileile wakiwa na masanduku vichwani, wakubwa kuliko baba zao, wakawapita mama zao pale kisimani bila kuwasalimu, wakaenda huko ambako Vita ana safari zake ingawa yeye mwenyewe haamki. Tangu hapo kila mwenye mtoto alimficha. Zaina, jirani wa Siwema, alimtia mwanawe Masika katika ghala la mahindi tangu mtoto anajifunza kusimama, na Masika alijifunza kutembea humo, kwa kuzunguka.

"Mtoto aliye hai hana haja ya kujua kusoma," Zaina alikuwa anasema.

"Na akishakuwa mkubwa?"

"Kwanza awe."

Siwema aliinuka akaenda zake. Alikuwa na desturi hiyo, ambayo watu waliiita kiburi.

*

Alianza na sufuria. Karatasi haikuwapo, na hata ingekuwapo Vita aliinusa karatasi kutoka mbali kama fisi anavyonusa mfupa. Chaki hali kadhalika. Lakini hakuwahi kusikika akinusa masizi, pengine kwa sababu na yeye ananuka hivyohivyo. Asubuhi, baada ya uji, Siwema aliigeuza sufuria kubwa chini juu, akampa Faida njiti ya ufagio.

"Kaa. Andika jina lako."

"Mama, mimi si mtoto."

"Wewe ni mtoto wa darasa la pili. Andika."

Faida aliandika. Njiti ilipopita masizi yalibanduka, na herufi zikatokea nyeupe, zinang'aa, bati jipya likichungulia kutoka chini ya weusi wote ule. Alisahau herufi ya mwisho. Mama yake hakumkemea, alimwonyesha. Siku ya pili alimpa majina ya vyombo, siku ya tatu majina ya mito. Kujumlisha walitumia mbegu za maboga, kutoa walitumia hizohizo kwa kuzila. Mchana sufuria ilirudi motoni, moshi ukafuta kila kitu, na jioni ilikuwa nyeusi tena, tayari kwa kesho. Faida alichukia jambo hilo.

"Kila siku tunaandika, kila siku moto unafuta. Sasa iko wapi elimu yenyewe?"

"Kichwani."

"Na kichwa kikipigwa?"

Siwema aliendelea kukuna nazi. Baadaye alisema, "Basi angalau kipigwe kikiwa na kitu."

Alikuwa na elimu ya kutosha yeye mwenyewe, cheti cha chuo cha afya alichokwisha kukifukia chini ya jiwe la kusagia, na alijua vizuri kwamba anayofundisha ni ya darasa la tatu. Lakini pia alijua kwamba mzazi hawezi kumpandisha mtoto wake darasa. Hapo ndipo watu wengi wa nchi ile wangeishia. Mzazi kumpandisha mwanawe ni kama mtu kujikata nywele kisogoni: anaweza, lakini kila mtu ataona. Alihitaji mwalimu atamke.

Mwalimu alikuwapo. Aliitwa Shauri, na sasa alishona malapa ya tairi chini ya kibanda cha makuti, mgongo ameuelekeza shuleni ili asiione. Siwema alimkuta anatoboa tundu.

"Mwalimu, nataka unipimie mtoto."

"Namba ngapi?"

"Sitaki malapa. Nataka umpime kama amefika la tatu."

Msumari ulisimama mkononi mwake. "Mama Faida, tuzungumze mengine. Mimi nikifungua mdomo kufundisha, najikuta nahesabu milio. Moja, mbili, tatu, najua imetoka wapi na imeangukia wapi. Hesabu nyingine sina."

"Hukuombwa kufundisha. Nimeshafundisha mimi. Wewe sema tu ndiyo au hapana."

"Na yeye akisikia?" Hakumtaja, alisogeza kidevu nyuma, kuelekea mgongoni kwake.

"Atasikia kwamba kuna mtu mmoja hapa anafanya kazi yake. Si atastaajabu?"

Shauri alicheka bila kutaka, meno mawili hayapo. Akamtazama Faida, ambaye alikuwa amesimama juani amekunja mikono, mrefu, anaona haya. Alimtazama kwa muda mrefu, na pengine alikuwa anamtafuta yule mwenye gauni la mifuko. Kisha akauliza kwa sauti ya chini sana, kama mtu anayeulizia njia ya kutoroka:

"Kuna mihogo kumi na minane. Watu ni sita. Kila mtu atapata mingapi?"

"Mitatu, Mwalimu," Faida akasema. "Lakini kama mgeni amepita kabla hatujagawa, hakuna cha kugawa. Na kama amepita baada ya kugawa, inategemea watu wamebaki wangapi."

Shauri aliinama akaokota kipande cha tairi ambacho hakukihitaji.

"Hilo la pili ni swali la darasa la nne," akasema. "Ameingia la tatu. Nimetamka."

Na mwaka, ule uliokuwa unafika uwanjani na kugeuka, ulisonga. Haukusonga kwa wote. Ulisonga kwa mtu mmoja, hatua moja, kama gari lililokwama linalojisogeza matopeni kidogo halafu linazima. Faida alihisi kitu kimepita magotini mwake. Ngoi, aliyekuwa anapita na mzigo wa kuni, alisimama ghafla akashika ndevu zake, akaonekana kama mtu aliyeitwa jina, kisha akaendelea na safari.

*

Habari ya mwanafunzi haikai. Kabla jua halijageuka watu wa mitaa yote miwili walikuwa mbele ya nyumba ya Siwema, na mbele yao Mwenyekiti Mpozi, mtu mwenye sauti nzuri na koti lisilo na kifungo hata kimoja, ameshika jembe jipya, mpini bado unanukia mti.

"Mama Faida," akaanza, "sisi ni watu wa desturi."

"Karibuni. Viti havitoshi."

"Desturi inasema mgeni wa shule hupewa jembe na mwanafunzi. Kwa miaka yote hii tumekwama kwa sababu mgeni haondoki bila mwanafunzi, na mwanafunzi anayesoma hapatikani mgeni akiwapo. Sasa amepatikana. Mungu ametukumbuka kupitia nyumba yako."

"Siku ya tatu ulikuwa wapi, Mwenyekiti?"

"Nilidhani wa juu wamepeleka."

"Na mimi wa juu nilidhani ninyi wa bondeni. Basi tugawane. Mimi nimetoa mwanafunzi. Ninyi toeni wenu waende pamoja."

Watu walitazama chini. Zaina, aliyekuwa nyuma kabisa, alisema, "Huyo ana maneno mengi kama wali wa shughuli," na wengine wakacheka kidogo, cheko la watu wanaotaka jambo liishe.

"Mtoto wangu nimemsomesha asome," Siwema akasema. "Sikumsomesha awe mjumbe wa woga wenu."

Mpozi hakukasirika. Hapo ndipo alipokuwa hatari, alipokuwa hakasiriki. "Ni kweli. Lakini atasomea wapi, mama? La tatu liko kule. Sufuria yako itamfikisha wapi? La nne nani atatamka? Shauri tangu atamke asubuhi anatapika. Ukimweka hapa, utakuwa na mwanafunzi wa darasa ambalo mtu mwingine amelilalia. Atazeeka nalo kama Ngoi."

 Kuna maneno ya mtu mwoga ambayo bado ni ya kweli, na hayo ndiyo yanayouma. Siwema akageuka kumwambia binti yake aingie ndani. Faida alikuwa tayari amelishika jembe.

"Tutakwenda wawili," Siwema akasema.

"Wewe si mwanafunzi, Mama."

"Nitaishia mlangoni."

*

Njia ya shuleni ilikuwa imeota majani. Siwema alitangulia kuyakanyaga, halafu akaona kwamba kumtangulia ni kumvuta, akarudi nyuma, halafu akaona kwamba kukaa nyuma ni kumsukuma. Akatembea pembeni, kwenye miiba.

Nampeleka. Simpeleki. Nampeleka. Kama ni ugonjwa ningempeleka hospitali hata kama ni mbali. Ujinga nao ni ugonjwa, ila hauui kwa haraka, unakuacha unatembea. Wale wawili wa mpira mama zao hawakuwapeleka, walikwenda wenyewe, kwa hiyo kosa si lao. Hili litakuwa langu. Kama atatoka na sanduku kichwani litakuwa langu. Kama hataingia, je, hilo litakuwa la nani? La Vita, watu watasema. Watu watasema la Vita na mimi nitalala usingizi. Ndiyo kazi yake huyu, kumbe. Anatulalia darasani ili sisi tulale na dhamiri njema. Miguu yake ni mikubwa, yule mtoto, tangu lini? Sijamnunulia viatu. Nampeleka bila viatu.

Uwanjani jua lilikuwa limesimama palepale. Kivuli cha mlingoti hakikusogea. Ukimya ulikuwa ule wa darasa mwalimu anapotoka kidogo, ukimya unaongoja kelele. Mlango wa darasa la tatu ulikuwa wazi, kwa kuwa Vita aliula mlango zamani, na ndani, kutoka ukuta hadi ukuta, alikuwa amelala yeye. Alikuwa amekua. Alipokuja alienea kwenye mkeka; sasa mkeka haukuonekana. Kichwa chake kilikuwa kwenye mlango wa stoo, visigino vyake karibu na kizingiti, na mbavu zake zilipopanda bati lilipanda nazo.

Siwema aliutazama uso, maana tangu zamani watu walionya usitazamwe. Ulikuwa uso wa kaka yake, Mulenda, asubuhi aliyotoka kwenda kufanya mtihani wa kumaliza shule akiwa amepaka mafuta mengi. Akapepesa, ukawa uso wa Mwenyekiti. Akapepesa tena, ukawa wake mwenyewe, umekonda, unamsubiri aseme neno. Akashika ukuta.

"Shikamoo," Faida akasema.

Jicho moja lilifunguka. "Marahaba, mwanangu." Sauti ilikuwa ya mtu mchovu, mstaarabu kabisa. "Nani mwenzako?"

"Mama. Ataishia mlangoni."

"Mama zenu wote huishia mlangoni. Wewe ni wa darasa gani?"

"La tatu."

"Hakuna wa la tatu."

"Nimetamkiwa leo."

Vita alifungua jicho la pili. Faida aliinua jembe kwa mikono miwili kama inavyotakiwa, mpini ukielekea kwa mgeni, na akasema kwa sauti isiyotetemeka sana, "Mgeni, jembe lako hili."

Nje ya uwanja, nyuma ya majani, watu wote wa mitaa miwili walishusha pumzi. Walikuwa wamefuata kwa mbali.

Vita alilipokea jembe. Aliligeuza, akaligusa makali kwa kidole gumba, akalisifu. "Zuri. Nililingoja sana, siku ile ya tatu. Niliamka mapema nikanawa uso. Kama lingekuja ningeona haya, ningeondoka, mimi si mtu wa kung'ang'ania." Akanyoosha mkono bila kuinuka, akafungua stoo, akalitupa ndani juu ya mengine. Yaligongana. "Lakini siku ya tatu, mwanangu, inakuja mara moja. Sasa jembe ni jembe tu. Waambie asante."

Nyuma ya majani mtu alianza kukimbia, na wengine wakamfuata, na baada ya muda mfupi hapakuwa na mtu isipokuwa Siwema ukutani na Faida pale kati, mikono mitupu.

Hapa ndipo mambo yangeweza kwisha. Faida alikuwa amefanya alichotumwa. Kwa mujibu wa desturi alipaswa kugeuka na kurudi nyumbani, kwenye sufuria. Alisimama. Alitazama ukutani, mahali ubao wa kuandikia ulipokuwa, ambapo sasa palibaki mraba wa chokaa uliokuwa mweupe kuliko ukuta wenyewe. Na kwa kuwa alikuwa mwanafunzi wa darasa la tatu, na alikuwa amesimama ndani ya darasa la tatu, alifanya kile mwanafunzi anachofanya. Alitafuta pa kukaa.

"Hapa pamejaa," Vita akasema.

"Pamejaa nani?"

"Mimi."

Faida aliketi. Hakukuwa na nafasi. Aliketi kwenye majivu, ubavu wake ukagusana na kisigino cha Vita, kisigino kikubwa kama kinu, chenye nyufa. Siwema aliuona mwili wa mtoto wake ukishtuka kwa ile baridi. Faida hakuinuka. Alijisukuma kidogo, kama anavyofanya mtu kwenye dawati la watatu lenye watu wanne, kwa nyonga, bila kusema samahani.

Na Vita akakunja mguu.

Haikuwa nyingi. Ilikuwa nafasi ya makalio ya mtoto mmoja. Lakini alikunja, na alipokunja alinung'unika kama mtu aliyeamshwa, na bati lilitulia upande ule. Faida alisawazisha majivu mbele yake kwa kiganja, akachora mstari kwa kidole, akaanza kuandika.

"Mama," Vita akasema, na sasa alikuwa anazungumza na Siwema, uso wake ukiwa hauna mtu. "Unaweza kumchukua. Mimi simfungi. Wote waliotoka humu na mizigo, sikumfunga hata mmoja."

"Na nikimwacha?"

"Sikuahidi kitu. Nina usingizi mbaya. Huwa nageuka."

Siwema aliangalia shingo ya binti yake iliyoinama. Nyembamba. Mfupa mmoja unatokeza pale juu, ule aliokuwa anaubusu alipokuwa mchanga. Mikono yake yote miwili ilitaka kwenda kuushika, na alijua kwamba akiushika atakuwa na mtoto mzima, salama, amesimama uani, mrefu, wa darasa la tatu milele. Ilibidi aikunje mikono kifuani ili isiende. 

"Faida."

"Bee."

"Tuondoke au?"

Faida hakuinua kichwa. "Mama, sogea kidogo. Unanizibia mwanga."

*

Alisogea. Mwanga uliingia pale alipokuwa amesimama ukafika hadi kwenye majivu. Aliketi nje, chini ya dirisha lisilo na fremu, akasikiliza pumzi mbili, moja nzito na moja nyepesi, na kila ile nzito ilipobadilika moyo wake ulikwenda mahali pabaya ukarudi. Na kwa kuwa akili yake haikujua kukaa bure, ilipiga hesabu. Mtoto mmoja, nafasi ya mmoja. Basi wangapi watahitajika ili Vita akunje mguu wa pili? Wangapi ili aketi? Wangapi ili asiwe na pa kuweka mgongo, ainuke, atafute mlango? Alilikumbuka darasa la tatu lilivyokuwa zamani, lilivyobanana, kelele zake. Akawahesabu watoto waliobaki mitaa yote miwili, wa kwenye maghala, wa juu ya dari, wa chini ya vitanda. Akarudia, akidhani amesahau wengine. Hakuwa amesahau. Hawakutosha. Hata wangekuja wote, hata wachanga wangebebwa, wangefika kwenye magoti ya Vita tu.

Alikaa na jibu hilo. Halikuwa na njia ya kulizunguka. Kisha aliinuka, akakung'uta kanga, akaenda kwa Zaina.

Zaina alikuwa amekaa mbele ya ghala, anachambua mchicha ambao ulikwisha kuchambuka.

"Faida amerudi?"

"Hajarudi. Yuko darasani."

"Na yeye?"

"Naye yuko."

Zaina aliacha majani. "Ukamwacha humo."

"Nikamwacha."

"Wewe mwanamke una moyo wa jiwe."

"Huenda. Nimekuja kumchukua Masika nimfundishe. Nitamfundisha hapahapa, mbele ya macho yako. Akiiva, tutajua."

 Zaina aliinuka, akalisukuma pazia la matete la mlango wa ghala likafunga, akaketi chini na kuliegemea kwa mgongo wake wote. Siwema hakumsukuma. Alikaa kando yake, akaegemea palepale, na wakatazama mbele, wanawake wawili, hawagusani, jua likiwachoma miguu.  Ndani ya ghala magunzi yalitikisika. Kuna kitu kilikuwa kinakuja, taratibu, kwa kuzunguka, hadi kilipofika nyuma ya matete na kutulia.

"Mama Faida," sauti ndogo ikasema. Ilikuwa inakwaruza, kwa kutotumika. "Kwani darasa la kwanza nalo amelilalia?"

Siwema alimtazama Zaina. Zaina alitazama mchicha.

"La kwanza lina majivu tu," Siwema akasema.

 Halafu Zaina alihisi matete yakimsukuma mgongoni, kidogo. Akakaza visigino ardhini. Matete yakasukuma tena.